Shahada ya Swali Moja

Nchi yetu ina jina, lakini silitaji. Kulitaja kunahitaji kibali, na anayetoa vibali amekwenda semina. Itoshe tu kujua kwamba ni nchi yenye mto, na kwamba mto wetu una daraja.

Daraja hilo lilizinduliwa mbele ya macho yetu. Waziri wa Majibu, Mheshimiwa Kisoki, alikuja na bendi ya tarumbeta. Zikasimikwa nguzo mbili ukingoni, utepe ukafungwa kati yake, akaukata, tukapiga makofi. Akatuhutubia kwamba daraja letu ni refu, pana na la kisasa. Kisha akapanda gari, akageuza, akarudi alikotoka. Sisi tukabaki tukiutazama mto. Maji yalipita pale pale yalipopita siku zote, na juu ya maji palikuwa na hewa.

Baada ya hapo tuliletewa askari, Koplo Nyenza, alilinde daraja. Kazi yake kubwa ilikuwa kukamata watu wanaovuka kwa kupita majini, maana Serikali ikishatoa daraja, anayeloa anakwepa daraja, na kukwepa daraja ni dharau. Koplo hakuwa mtu mbaya. Alitukamata asubuhi tukienda, akatukamata jioni tukirudi, na mchana alivua buti zake, akakunja suruali, akavuka kwenda kula kwa shemeji yake.

Msomaji wa nchi nyingine atasema: si mngeuliza tu? Huyo hajui Sheria ya Maswali.

Serikali yetu ilikuwa imechoshwa na maswali yasiyo na mantiki. Mtu anauliza dawa ziko wapi, na hospitali imepakwa rangi juzi tu! Ndipo ikatungwa sheria ya kupanga nani aseme nini mbele ya Serikali. Aliyeishia darasa la saba anasikiliza. Wa kidato cha nne anatikisa kichwa, kwa kwenda juu na chini tu. Wenye stashahada, kama mimi niliyesomea uhazili, tunaruhusiwa kushangaa. Mwenye shahada ya kwanza anatoa maoni, mradi yawe yameshatolewa. Kuuliza ni kwa mwenye shahada ya uzamili ya mantiki peke yake, na hata huyo anapewa swali moja kwa maisha yake yote.

Mimi nilijaribu njia yangu. Nilikwenda Wizara ya Majibu, nikasimama mbele ya karani, nikasema, "Nashangaa daraja letu liko wapi."

Karani akaweka kalamu chini. "Mama, mshangao wako una umbo la swali. Rudi nyumbani kabla sijausikia vizuri."

Nikarudi. Nililoa mpaka kiunoni, na Koplo akanikamata.

Aliyelileta wazo la chuo ni jirani yangu, Mama Kivuko. Jina hilo alilipata kwa mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa ukingoni wakati mama yake akisubiri maji yapungue ili afike hospitali iliyo ng'ambo. Sasa alikuwa anataka kubeba mimba nyingine, na hesabu ya kuzaa alikuwa ameshaanza kuiogopa.

"Mama Sikudhani," akaniambia, "binti yako ana digrii na anakaa hapa anachambua mchele. Mpeleke akasomee hiyo mantiki, atuulizie."

"Swali lenyewe analijua?"

"Nani asiyelijua? Maneno matatu tu. Hata kuku wangu analijua."

Mtaa mzima ukakubali. Sikudhani alimaliza kuchambua mchele, akausukuma ungo kando, akaenda kupiga pasi gauni lake.

*

Mkuu wa Idara ya Mantiki, Profesa Mangwela, alikuwa mtu mnene aliyevaa funguo shingoni kama medali. Alitutazama kama mtu anayetazama mkoba uliosahauliwa kituoni.

"Umekuja na swali?" akamwuliza Sikudhani.

"Ndiyo, Profesa. Ni—"

"Usiliseme! Ukilisema utakuwa umeuliza kabla ya kuhitimu, na hapo huna tena swali wala shahada. Nipe urefu wake tu."

"Fupi."

Profesa akakunja uso. "Mafupi ndiyo mabaya." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mama, ndiye mdhamini wa fikra zake. Akikosea, unafungwa wewe."

"Na asipokosea?"

"Mama! Hilo ni swali."

"Basi nashangaa tu asipokosea itakuwaje."

"Shangaa polepole," akasema, na kunionyesha pa kutia saini.

Masharti ya shahada hiyo nayaeleza kama binti yangu alivyonieleza, wala siongezi chumvi, maana chumvi yenyewe ni ghali. Kozi ya kwanza ya lazima ilikuwa Utangulizi wa Kukubali. Ya pili, Mantiki ya Subira, mhadhiri wake hakuwahi kuonekana, na waliofaulu ni wale walioendelea kumsubiri wakati wengine wanakula. Hoja za Mduara zilifundishwa kwa vitendo, uwanjani, kwa kukimbia. Somo la Hitimisho lilikuwa la hiari: mwanafunzi alichagua analolipenda katika mahitimisho yaliyoidhinishwa, nayo yalikuwa moja.

Somo lililoogopwa ni Kukanusha. Neno "hakuna" lilikuwa limechongwa kwenye kibao na kufungiwa ndani ya kasha la chuma ofisini kwa Profesa, na hizo funguo za shingoni ndizo zilizolifungua. Mwanafunzi aliazimwa kibao mbele ya mlinzi, akakanusha kidogo, akarudisha. Pasipo kibao hicho, kuikanusha kauli ya Serikali ni jinai kwa kila mtu, waziri na profesa wakiwemo. Inasemekana mwanafunzi mmoja aliwahi kutoroka nacho mpaka sokoni, na ilibidi jeshi lije kulituliza soko.

Sasa niseme jambo linalonihusu. Kila binti yangu alipokuja likizo, alikuwa amebadilika. Alikuwa hajibu haraka. Alikuwa anakitazama kitu kabla ya kukisema, kama mtu anayekagua noti. Alikuja na viatu vipya. Nikapekua begi lake alipokwenda kuoga, sikuona kitu, na hilo likanitia wasiwasi zaidi, maana msichana asiye na kitu cha kuficha kwenye begi amekificha kwingine.

Asubuhi moja aliniandalia uji. "Umetia sukari?" nikamwuliza.

"Mama, kila punje ya sukari iliyomo kwenye uji huu ni tamu."

Nikaonja. Sukari haikuwemo hata chembe. Ilikuwa imekwisha tangu jana yake. Nikamtazama. Yeye akanywa wake mpaka mwisho, akalamba kijiko.

Mama Kivuko, ambaye sasa alikuwa na mimba kweli, alikuwa amekaa mlangoni akasikia yote. Binti alipotoka, akaninong'oneza, "Wamemlisha nini huko?"

"Sijui."

"Mimi najua. Wamemlisha vizuri."

*

Sharti la mwisho lilikuwa utetezi, nao ulirushwa moja kwa moja redioni. Kila mwanafunzi alipewa mradi mmoja wa maendeleo auelezee taifa. Akisema sentensi moja ya uongo, amefeli, kwa kuwa ile ni shahada ya mantiki. Akisema sentensi moja ya kuiudhi Serikali, amefeli pia, na mdhamini wake anafungwa, kwa kuwa ile ni shahada ya Serikali.

Profesa Mangwela hakuwa mjinga. Alikuwa ameshachunguza huyu binti mwenye swali fupi anatoka upande gani wa mto. Akampa daraja letu.

Siku hiyo tulijazana kwa Mama Kivuko, redio juu ya meza, mimi nimeshafunga kanga zangu mbili na mswaki kwenye mfuko, tayari kwa jela. Nilijua mwanangu hawezi kulisifia daraja lile bila kusema uongo. Na asipolisifia, mswaki wangu upo.

Sauti yake ikatoka, tulivu kabisa.

"Ndugu wananchi, kila mtu aliyelivuka daraja lile amefika salama. Magari yote yaliyopita juu yake yalipita bila ajali. Kila msumari uliomo ni imara. Kila ubao ni mpya. Nyufa zake zote zimezibwa, na taa zake zote zinawaka mchana na usiku. Na kiongozi wa kwanza atakayelivuka kwa gari lake, jina lake halitasahaulika kamwe kwenye mto ule."

Redioni tukasikia makofi. Profesa mwenyewe alisikika akisema, kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa, kwamba hajaona sentensi ya uongo wala ya kuudhi, na kwamba mtahiniwa amefaulu kwa alama za juu kabisa.

Mama Kivuko akaizima redio. Alikuwa amekaa miguu mbele, tumbo juu ya mapaja, na macho yake hayakuwa na machozi. Ilikuwa afadhali yangekuwa nayo.

"Mwanao ametuuza," akasema. "Masika yakija nitazaa tena kwenye matope, na redio itakuwa inaniimbia taa zinawaka."

Nilichukua mfuko wangu wenye mswaki, nikaenda nyumbani.

Sikudhani aliporudi hakupewa hata maji ya kunawa. Mimi si mtu wa kuzunguka.

"Wamekununua kwa nini? Viatu?"

"Viatu nilishinda kwenye Hoja za Mduara. Nilikimbia kuliko wote."

"Usinichezee! Umesema kila aliyelivuka amefika salama."

"Nitajie aliyelivuka akazama."

Nikarukia jambo jingine.

"Taa," nikasema. "Umesema taa zinawaka."

"Nionyeshe moja iliyozimika, mama."

Niliipekua hotuba yake yote kama napekua mchele, sentensi kwa sentensi, nikitafuta jiwe. Misumari, mbao, nyufa. Sikupata hata jiwe moja. Ndipo nikaukumbuka ule uji.

"Haya," nikasema mwishowe. "Lakini swali utauliza?"

"Mama, nikiuliza mimi, swali linakwenda Wizara ya Majibu. Umeshawahi kuona kitu kimetoka Wizara ya Majibu?"

"Kwa hiyo huulizi."

Akachukua ungo. Mimi nilikwenda kulala nikimshuku yeye, nikiishuku redio, na nikijishuku mwenyewe kwa kuwa nilikuwa nimeanza kutabasamu.

*

Mahafali yalikuwa makubwa. Mgeni rasmi na mkuu wa chuo alikuwa Mtukufu Kiongozi wetu, ambaye ndiye aliyeitia saini Sheria ya Maswali. Yeye mwenyewe hana shahada ya mantiki. Chuo kilimwomba mara nyingi akubali ya heshima, akakataa kwa maneno ambayo yamechongwa getini: MIMI SINA SWALI. MIMI NDIYE JIBU.

Mtaa mzima ulikuja. Hata Mama Kivuko alikuja, anapumua kwa shida, maana alisema anataka kumwona kwa macho mtu akimeza maneno matatu. Kwa desturi mhitimu akishavikwa joho anapewa kipaza sauti aulize swali lake pale pale. Wa kabla ya Sikudhani aliuliza kama Mtukufu amelala vyema. Akajibiwa kwamba amelala.

"Sikudhani," Profesa akaita, mkono wake mmoja ukiwa juu ya funguo. "Uliza."

Binti yangu akakishika kipaza sauti. "Leo siulizi, Mtukufu. Nina mwaliko tu. Wananchi wa mtoni tunakukaribisha ulivuke daraja letu kwa gari lako."

Watu wetu walikasirika mno, wakaonyesha hasira yao kwa njia waliyoruhusiwa: wakatikisa vichwa juu na chini, kwa nguvu, mpaka mzee mmoja kofia ikamtoka. Mtukufu aliona nchi nzima inamkubali. Akasimama.

"Nimelisikia redioni daraja hili! Daraja ambalo limefikisha kila mtu salama! Na mawaziri wangu hawajanipeleka! Nitalivuka kesho."

Mheshimiwa Kisoki akageuka rangi ya ugali wa jana. Alimtazama Profesa. Profesa alilitazama gari lake mwenyewe. Kasha la chuma lilikuwa ofisini, na kulichukua "hakuna" mbele ya Mtukufu kulihitaji saini ya Mtukufu mwenyewe, ambaye angelazimika kuambiwa ni la nini.

*

Kesho yake msafara ulishuka mtoni kwa ving'ora. Magari yalikuja kwa kasi ya watu wanaoamini barabara iliyo mbele yao, na la kwanza lilisimama pale tairi zake za mbele zilipogusa maji.

Mtukufu akashuka. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akainama kidogo akatazama chini, pengine wenzetu wa siku hizi hujenga madaraja chini. Mawaziri walitazama kila alikotazama yeye, kwa mshangao wa kiasi kile kile. Wale wenye shahada ya kwanza wakatoa maoni kwamba hali ya hewa ni nzuri.

Sisi tulikuwa tumesimama juu kidogo. Mama Kivuko alikuwa amenishika mkono, na kucha zake zilikuwa zinaingia.

Kisha Mtukufu Kiongozi akageuka, akaweka mikono kiunoni, akasema kwa sauti iliyofika ng'ambo:

"Daraja liko wapi?"

Maneno matatu. Mama Kivuko akaachia mkono wangu na kutoa pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu mimba ya kwanza.

Koplo Nyenza wakati huo alikuwa ameinama anafunga kamba za buti, amelipa kisogo kundi zima. Hayo maneno alikuwa ameyasikia kwa watu wengi wanaonung'unika wakivuka, na jibu lake lilikuwa limeshazoea njia. Bila kuinua kichwa akasema, "Shahada yako ya mantiki, mzee. Kama huna, kaa pale na wenzako."

Mheshimiwa Kisoki alimsogelea Sikudhani akitokwa na jasho. "Binti yangu, wewe umehitimu. Mwambie. Mwambie lolote."

"Mheshimiwa," akajibu Sikudhani, "mimi nimehitimu kuuliza. Kujibu ni wizara yako."

Mtukufu alikuwa bado anamtazama Koplo, na Koplo sasa alikuwa amemwona, kamba mkononi. Mtu yeyote angeweza kupotea siku ile. Aliyeokoa hali ni Profesa Mangwela. Alilivua joho lake mwenyewe, akamvika Mtukufu juu ya koti, likambana mabegani, akamtangaza hapo hapo kuwa mhitimu wa shahada ya uzamili ya mantiki, kuanzia dakika tano zilizopita. Sisi tukapiga makofi, safari hii kwa moyo.

Basi swali likawa halali. Na sheria ile ile ilisema, kwenye kifungu ambacho hakikuwahi kutumika, kwamba swali halali lisipojibiwa kwa kitu cha kushikika, wizara inavunjwa. Makandarasi tulioambiwa wamekufa walifufuka. Saruji iliyokuwa njiani miaka yote ilifika. Daraja likasimama kabla ya masika, refu, pana na la kisasa, kama tulivyoambiwa. Kwa kuwa lilikuwa limeshazinduliwa, halikuzinduliwa tena. Gazeti liliandika kwamba limefanyiwa ukarabati mdogo. Koplo Nyenza amehamishiwa kwenye kikosi cha wanamaji, katika mkoa usio na maji.

Mama Kivuko alizaa kitandani, hospitali, ng'ambo. Kwa sababu hiyo mtoto ana jina la kawaida tu, Neema. Alikuja kwangu na mtoto mgongoni, akamletea Sikudhani kuku. Yule yule anayelijua swali.

Mimi ninalivuka daraja kila siku, na kila ubao naukanyaga kwanza kwa kidole cha mguu. Kuwepo limekuwepo. Kuaminika ni jambo lingine.

Na Sikudhani? Swali lake bado analo, halijatumika. Anatembea nalo mjini akienda kununua mboga, na wakuu wa idara wakimwona wanahamia upande wa pili wa barabara, kwa kuwa kila mmoja anaamini ni lake. Anayesimamia dawa anaamini linahusu dawa. Anayesimamia shule amejenga vyoo.

Juzi Mheshimiwa Kisoki alikuja kwangu mwenyewe, bila bendi, na mfuko wa sukari mkononi. Akakaa kwenye kigoda. Akanywa uji. Shahada ya mantiki hana, kwa hiyo alijizungusha sana.

"Mama Sikudhani," akasema, "nashangaa tu... hilo swali la binti yetu, nashangaa litakuwa ni lipi."

"Shangaa polepole, Mheshimiwa," nikamwambia. "Urefu wake tu ndio ninaoweza kukupa."

Akasogeza kigoda karibu.

"Fupi."